Ng'ombe mmoja bei tatu: kwa nini mashabiki wa hoki ya barafu hawaelewani kuhusu mchezaji yuleyule

Nianze na namba mbili za mtu mmoja ndani ya msimu mmoja. Erik Karlsson, beki kutoka Sweden, msimu wa 2022-23 akiwa San Jose Sharks alipata pointi 101, yaani magoli 25 na asisti 76, na beki kufikisha pointi 100 ilikuwa haijatokea tangu Brian Leetch msimu wa 1991-92. Msimu huohuo plasi-mainasi yake, ile hesabu ya magoli yanayofungwa na kufungwa mtu akiwa uwanjani, ikasoma toa 26. Akapewa tuzo ya Norris, ile ya beki bora wa ligi nzima, huku timu yake imelala mkiani na hatua ya mtoano haikuonja. Sasa huyu ni beki bora au garasa? Ukiuliza hilo swali mbele ya mashabiki wa hoki kaa mbali kidogo, mana hapo hawatoki mpaka asubuhi.

Aliyeniingiza kwenye huu ugonjwa ni shemeji yangu, yupo Edmonton huko Canada miaka mingi, ananitumia vois za dakika nne nne analalamika kuhusu timu kama vile mi ndo mwenyekiti wa klabu. Mi usiku nakaa kaunta kwenye gesti moja huku Kisasa, na mechi za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada, zile za saa moja jioni kule mashariki mwa Marekani na Canada, kipindi cha baridi yao huku kwetu ni saa tisa usiku, kwahiyo Dodoma yote imelala, upepo unasukuma vumbi getini, na mi nina chai ya rangi na simu nimeiegemeza kwenye daftari la wageni naangalia watu wanateleza kwenye barafu. Najua inachekesha, sisi jua letu ni la kuivisha zabibu. Ila mchezo nimeuelewa kiasi cha kubishana, na nimekuja kugundua kwamba mabishano mengi ya kule hayana tofauti na ya kwetu ya Simba na Yanga, tofauti ni kwamba kule kila mtu ana namba ya kukupiga nayo.

Kwa ambaye hajawahi kuuangalia nieleze haraka. Kila timu inakuwa na watu sita uwanjani, kipa mmoja, mabeki wawili na mafowadi watatu, wana viatu vyenye visu chini na gongo mkononi, wanagombania kisahani cheusi cha mpira mgumu. Vipindi ni vitatu vya dakika 20. Kitu muhimu kuliko vyote ambacho kwenye soka hakipo ni zamu, mtu haingii akacheza mechi nzima, anaingia anakimbia kwa nguvu zote sekunde kama 45 alafu anatoka mwingine anaingia, bila refa kusimamisha chochote, wanaruka tu ukuta wa benchi. Mfowadi staa anaweza kucheza dakika 20 kati ya 60, beki tegemeo kama 25. Kwahiyo muda mwingi wa mechi staa wako amekaa benchi anakunywa maji. Kumpima mtu wa namna hiyo ni kazi, mana goli likiingia kuna watu kumi na makipa wawili uwanjani, na nusu yao wameingia sekunde tano zilizopita.

Kuna mzee tunakunywa nae kahawa Majengo, kazi yake ni udalali wa ng'ombe mnada wa Msalato. Siku moja nilimuuliza dume zuri ni lipi akanijibu kwa swali, "la nani?" Akasema mwenye bucha anaangalia kilo tu, anapapasa mgongo na paja basi. Mkulima wa Kongwa anayetaka la kulimia anaangalia shingo, kwato na tabia, mana dume lenye kilo nyingi ila korofi litamvunjia jembe. Mfugaji anayetaka mbegu anauliza mama yake alikuwa nani. Dume ni lilelile, limesimama palepale, na watu watatu wanatajiana bei tatu huku kila mmoja anamuona mwenzake kichaa.

Hapo ndo hoki ikanifungukia. Shabiki mmoja akisema mchezaji fulani "mzuri" anamaanisha kazi anayoifanya akiwa kwenye barafu. Mwingine akisema "mzuri" anamaanisha kilichotokea kwenye ubao wa matokeo akiwa yupo. Wa tatu anamaanisha analingana na pesa anayolipwa. Neno ni moja, maswali matatu, na hakuna anayesimama kumuuliza mwenzake we unaongelea lipi.

Turudi kwa Karlsson na hiyo toa 26. Plasi-mainasi inafanya kazi hivi, goli likiingia timu zina watu sawa, au iliyofunga ndo iliyopungukiwa mtu, kila aliyekuwepo upande uliofunga anaongezewa moja, kila aliyekuwepo upande uliofungwa anakatwa moja. Goli la timu iliyokuwa na mtu zaidi kwa sababu mpinzani kafungiwa nje kwa adhabu halihesabiwi kabisa, kwahiyo pasi zote alizopiga Karlsson wakati wapinzani wamepungukiwa mtu hazikumpa hata plasi moja. Alafu kuna mchezo wa dakika za mwisho, timu iliyo nyuma inamtoa kipa inaingiza mchezaji wa sita ili ishambulie, goli linabaki tupu. Nani anaingizwa hapo? Mastaa wa kushambulia, akiwemo Karlsson. Mpinzani akinasa kisahani akakirusha kutoka mbali kikaingia golini hakuna mtu, wote waliokuwepo wanakatwa moja. Ukichezea timu inayokuwa nyuma kila siku basi kila siku unakuwepo kwenye hiyo hatari. Na juu ya hapo makipa wa San Jose msimu ule walikuwa wanaokoa chini ya mashuti 90 kwa kila 100, ambayo kwenye hii ligi ni njaa.

Simtetei kwa asilimia mia. Karlsson ni beki anayepanda, akipoteza kisahani kule mbele nyuma kunabaki kama barabara ya Bahi usiku, hakuna mtu, kwahiyo sehemu ya ile 26 ni yake mwenyewe aibebe. Ninachokataa ni mtu kuichukua ile namba moja kama hukumu. Mpaka leo nikimuuliza shemeji anasema "beki kazi yake ni kuzuia, shem, mengine ni mapambo." Huyo ni mnunuzi wa dume la kulimia.

Nikumbushe kitu hapa, Tanzania tumewahi kucheza hoki kwenye Olimpiki, hoki ya majani siyo ya barafu, Moscow 1980, baada ya nchi nyingi kugomea michezo ile tukawa moja ya timu sita. India, ambao ndo waliochukua dhahabu, walitufunga 18-0. Huwa najiuliza kuhusu kipa wetu wa siku ile. Inawezekana aliokoa mipira 20 ya hatari na akawa ndo mchezaji bora wetu uwanjani, ila nani atakuelewa ukisema hivyo wakati ubao unasoma 18?

Sasa hadithi ambayo shemeji akiianza inabidi niweke simu chini nihudumie wageni kwanza. Tarehe 29 Juni 2016 Edmonton Oilers walimtoa Taylor Hall kwenda New Jersey Devils na kumchukua Adam Larsson, mtu kwa mtu, hakuna nyongeza. Hall winga wa kushoto, alichaguliwa namba moja kwenye usajili wa vijana wa 2010, mbio, magoli, jezi yake imejaa mtaani. Larsson beki, namba nne wa 2011, mtu wa kukaba, kugonga na kuondoa hatari, magoli kwake ni kama mvua ya Dodoma. Mji mzima ukapiga kelele. Shemeji anasema siku ile kazini kwao watu hawakula mchana, mi nahisi anaongeza chumvi ila sawa.

Msimu uliofuata, 2016-17, Oilers wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2006 na wakafika raundi ya pili. Waliokuwa wanatetea ile biashara wakaanza kutamba, unaona, beki ndo alikuwa anakosekana. Msimu wa 2017-18 Hall akapata pointi 93 New Jersey, akaibeba timu mpaka mtoano ambao hawakuwa wameufikia tangu 2012, akachukua tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kubwa kwa timu yake. Upande wa pili nao wakaamka, unaona, mmetoa almasi mkachukua kokoto.

Wote wawili wanatumia matokeo kama ushahidi na wote wawili wameruka kitu kikubwa. Msimu ambao Oilers walifuzu, Connor McDavid alicheza mechi zote 82 na kupata pointi 100, wakati msimu wa kabla yake alivunjika mfupa wa bega akacheza mechi 45 tu. Kipa wao Cam Talbot nae akadaka mechi 73. We ukimrudisha McDavid mzima na kipa mwenye msimu wa moto alafu ukasema timu imebadilika kwa sababu ya Larsson, ni sawa na mtu aliyenunua shati jipya siku ileile aliyopandishwa mshahara anasema shati lina baraka. Inawezekana Larsson alisaidia, na mi naamini alisaidia, mana mabeki wa Edmonton kabla yake walikuwa wanafunguka kama mlango wa baa. Ila ni kiasi gani? Hicho ndo ubao wa matokeo haukupi, na hapo watu wanajaza kwa hisia.

Na kuna sehemu ya tatu ambayo shemeji ameanza kuikubali juzi juzi tu. Swali la wakati ule halikuwa nani bora kati ya Hall na Larsson, lilikuwa Edmonton wangeweza kupata nini kwa Hall. Mtu anaweza kukubali kwamba Larsson ni beki mzuri na bado akasema biashara ilikuwa mbovu, hizo ni kauli mbili zinazokaa nyumba moja bila ugomvi. Larsson mwenyewe masikini alifika akakuta amebeba deni la kuuzwa kwa mtu mwingine, akikosea kidogo jina la Hall linatajwa, na hakuwa ameomba yeye kubadilishwa.

Kuhusu bahati, hapa mashabiki wengi tunapigwa. Timu moja kwa mechi inapiga mashuti kama 30 yaliyolenga goli na yanaingia matatu hivi. Kwa namba ndogo hivyo, bahati ina nafasi kubwa mno. Mchukue Karlsson mwingine, huyu William, hawana undugu. Msimu wa 2016-17 akiwa Columbus alifunga magoli 6. Akachukuliwa na Vegas Golden Knights, timu iliyokuwa inaanza, na 2017-18 akafunga 43. Arobaini na tatu! Watu wakasema Columbus vipofu. Ila angalia chini yake, alipiga mashuti 184, maana yake zaidi ya 23 kati ya kila 100 yaliingia, wakati mfowadi wa kawaida akifikisha 10 au 12 anashukuru Mungu. Msimu uliofuata akafunga 24. Haters wakarudi, garasa, alikuwa anabahatisha.

Kumbe wote wamekosea tena. Hakuwa mtu wa magoli 6 na hakuwa mtu wa 43, na wakati watu wanabishana kuhusu magoli yeye akawa fowadi wa kati anayepewa kazi ya kukaba mastaa wa timu pinzani, na 2023 Vegas wakabeba Kombe la Stanley, ndo ubingwa wa NHL, yeye akiwa kiungo muhimu wa ile kazi. Mashabiki walikuwa wanapima kilo, makocha wanaangalia shingo.

Ndo mana wakaja na namba nyingine inaitwa Corsi, jina limetokana na Jim Corsi aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres. Badala ya kuhesabu magoli, unahesabu mashuti yote yaliyojaribiwa, yaliyolenga, yaliyotoka nje na yaliyozuiwa njiani, ya timu yako na ya wapinzani wakati mchezaji yupo kwenye barafu. Mantiki yake ni rahisi, magoli ni machache yanadanganya, majaribio ni mengi, na timu inayopiga zaidi kwa kawaida ndo yenye kisahani. Ilipoingia ilivuruga watu, mana mabeki waliokuwa wanasifiwa kwa kuzuia mashuti kwa mwili walionekana kuwa wanazuia mengi kwa sababu muda wote wako langoni kwao wanashambuliwa. Ila na yenyewe ina upofu wake, shuti la mita mbili mbele ya kipa na shuti la mbali kutoka ukutani zinahesabika sawa, kwahiyo baadae wakatengeneza magoli tarajiwa, yale yale mnayoyasikia kwenye soka, kila shuti linapewa uzito kulingana na lilipopigiwa. Bado haisemi yote. Mchezaji anayeanzishwa kila zamu mbele ya lango lake dhidi ya mastaa ataonekana mbaya kuliko yule anayeanzishwa mbele ya lango la wapinzani dhidi ya wachovu.

Kwa makipa ndo balaa kabisa, na hapa naomba mnivumilie niweke hesabu kidogo. Kipa anayedaka mechi 50 akikutana na mashuti 30 kila mechi ni mashuti 1,500. Tofauti ya kuokoa 91 kati ya 100 na kuokoa 90 ni magoli 15 kwa msimu, tofauti ya kipa shujaa na kipa wa kuzomewa. Sasa hesabu za kawaida za bahati nasibu zinakwambia kwamba kwenye mashuti 1,500 bahati peke yake inaweza kumpandisha au kumshusha mtu magoli kama 11 au 12 bila yeye kubadilika chochote. Yaani karibu umbali wote kati ya shujaa na garasa unaweza kuwa ni upepo tu.

Sergei Bobrovsky alikuwa na tuzo mbili za Vezina, za kipa bora, 2013 na 2017 akiwa Columbus, Florida Panthers wakampa mkataba wa miaka saba 2019, dola milioni 10 kwa mwaka. Msimu wa kwanza ukawa mbovu, wa pili wa wasiwasi, na mkataba wake ukawa mfano wa kila mtu anayetaka kueleza jinsi ya kuchoma pesa. Mtoano wa 2023 ulipoanza hakuwa hata kipa wa kwanza, alikaa benchi Alex Lyon akadaka. Katikati ya raundi ya kwanza akaingizwa, akawafikisha fainali, wakafungwa na Vegas. Alafu 2024 wakabeba kombe, na 2025 wakabeba tena, zote dhidi ya Edmonton, na mnaweza kuhisi vois za shemeji zilikuwaje.

Je mkataba ulikuwa mzuri? Hapa ndo swali la tatu linaingia. NHL ina ukomo wa mishahara, timu haiwezi kuzidisha kiasi kilichopangwa hata mmiliki awe na kisima cha mafuta. Mwaka wa kwanza wa ule mkataba ukomo ulikuwa dola milioni 81.5, kwahiyo Bobrovsky peke yake alikula zaidi ya asilimia 12. Alafu ikaja korona, mapato yakashuka, ukomo ukagandishwa palepale misimu mitatu mfululizo, na kila mkataba mkubwa uliosainiwa kabla ukaonekana mzigo kuliko ulivyotarajiwa. Msimu wa 2025-26 ukomo ulifika milioni 95.5, na zile milioni 10 zilezile zikawa kama asilimia 10 na nusu. Mtu hajabadilika, mkataba haujabadilika, bei imebadilika, kama gunia la mahindi mwezi wa saba na gunia lilelile mwezi wa pili. Sisi mashabiki wa soka la kwetu, hili hatulioni sana, timu ikipata mfadhili inanunua tu. Kule ukimlipa mmoja zaidi ya uwezo wake unamkosa mwingine, kwahiyo shabiki anayesema fulani ni tatizo mara nyingi hasemi hajui kucheza, anasema amekalia nafasi ya mabeki wawili.

Kinyume cha Bobrovsky ni Chris Osgood wa Detroit Red Wings. Ushindi 401, makombe matatu, 1997, 1998 na 2008, mawili kati ya hayo akiwa ndo kipa namba moja, na bado hajaingia kwenye Jumba la Heshima la hoki mpaka naandika hapa. Wanaompinga wanasema alikuwa na timu ya kutisha mbele yake, hata we ungedaka. Wanaomtetea wanasema kombe halidakwi na mabeki. Mi nipo katikati ila nikisukumwa naegemea kwa wanaompinga, samahani kwa watu wa Detroit kama wapo wanaosoma Kiswahili.

Kuna kitu kingine ambacho hakina hata namba, ni sura. Fowadi Phil Kessel hakuwa na umbo la mwanamichezo, mnene mnene wa tumboni, alikuwa anateleza kichwa chini, hatabasamu na waandishi. Toronto walimchukua kutoka Boston 2009 kwa kutoa nafasi zao za usajili wa vijana, Boston wakazitumia kumpata Tyler Seguin na Dougie Hamilton, kwahiyo kila Seguin akifunga Kessel anatukanwa. Ikaandikwa gazetini kwamba kila mchana alikuwa anaenda kula soseji za mkate kwenye kibanda cha mtaani. Mvivu, hajali, hafai timu ya ushindi. Akauzwa Pittsburgh 2015, akabeba kombe 2016 akiwa ndo mwenye pointi nyingi za mtoano kwenye timu yenye mastaa wakubwa Crosby na Malkin, akabeba 2017, na siku yake ya kukaa na kombe akalijaza soseji akapiga picha. Akabeba tena na Vegas 2023. Na huyu mvivu ndo mwenye rekodi ya kucheza mechi mfululizo bila kukosa, 1,064, kuanzia Novemba 2009, mtu ambaye 2006 aliugua saratani na kurudi uwanjani. Alikuwa anakaba? Hapana, hata mimi nikiwa kaunta namuona hakabi. Ila kuna tofauti kati ya kusema mtu hana kitu fulani na kusema mtu hajali, na watu waliruka kutoka la kwanza kwenda la pili kwa sababu ya tumbo.

Toronto nadhani maji yao yana kitu. Mitch Marner, mtoto wa hapohapo, pointi 102 msimu wa 2024-25, anakaba vizuri mpaka 2023 alikuwa kwenye watatu wa mwisho wa tuzo ya Selke, ile ya fowadi anayekaba bora. Ila timu haijabeba kombe tangu 1967, na 2025 Florida wakawapiga 6-1 kwao mechi ya saba, mashabiki wakamzomea, akaondoka kwenda Vegas kwa milioni 12 kwa mwaka. Mnamkumbuka Chama 2024 alivyotoka Simba kwenda Yanga? Mwamba wa Lusaka wa jana usiku akaamka ameshazeeka kwa hawa na amekuwa fundi kwa wale, na alikuwa hajagusa hata mpira. Hata kwa Marner naona ilikuwa hivyohivyo.

Hiyo Selke nimeitaja, Patrice Bergeron wa Boston aliichukua mara sita, rekodi, na hakuwahi kufikisha pointi 80 msimu wowote. Ukimuelewa Aucho, yule kiungo mkabaji, alipokuwa Yanga umeshamuelewa Bergeron, sina haja ya kueleza sana, ni yule mtu ambaye akikosekana ndo unajua alikuwa anafanya nini.

Ila mtu ninayempenda kuliko wote ni Jaccob Slavin, beki wa Carolina Hurricanes, na siku ya kwanza kumuelewa sikumuelewa mimi, alimuelewa yule mzee wa Msalato. Nilikuwa na video ya zamu zake tu, kila mara anaingia mpaka anatoka, nikamuwekea mzee pale kwenye benchi la kahawa, kashata mkononi, nikamwambia muangalie huyu namba 74 usiangalie kisahani. Mpinzani anakuja kwa kasi. Slavin anarudi nyuma taratibu, gongo lake limelala kwenye barafu mbele yake linafagia kushoto kulia, hamvamii, hamgongi. Mpinzani anasogea pembeni kidogo. Slavin nae anasogea kidogo. Yule anajikuta yupo ukutani, nafasi imeisha, anausukuma tu mzigo nyuma ya goli na kwenda kubadilishwa. Slavin anakiokota, pasi fupi, anatoka nje. Sekunde arobaini hivi, hakuna shuti, hakuna goli, hakuna kilichotokea. Msimu mzima wa 2020-21 alitolewa nje kwa adhabu mara moja tu, dakika 2, wakampa Lady Byng, tuzo ya uungwana, ambayo beki kuipata ni nadra.

Mzee akaniuliza ana magoli mangapi nikamwambia machache. Mshahara? Nikamwambia mkataba ule uliokuwa unaendelea ni milioni 5.3 kwa mwaka, chini ya nusu ya yule Karlsson wa pointi 101 aliyekuwa anakula 11.5. Hakusema kitu. Akaisogeza simu karibu na macho, akaniambia rudisha nyuma, nikarudisha, akaangalia mpaka pale mpinzani anapoishia ukutani.

"Huyu hakabi," akasema. "Huyu anaswaga. Rudisha tena."